Matonge ya Bruxelles: mtaa ambamo sisi ndio wageni



Katika makanisa yetu ya Masisi, Walikale na Goma, jina la Matonge linajulikana hata na watu ambao hawajafika Kinshasa wala Ulaya. Mtu akisema, "Mjomba yuko Bruxelles," mwingine atauliza, "Matonge?" Feza ya masomo, michango ya matanga, simu za usiku, picha za arusi: mengi hupitia huko. Lakini mtaa huo ulianzaje? Nani aliuita hivyo? Na kwa nini watu wanaoujaza kila siku si wao wenye nyumba zake?

Tumeona vema kueleza historia hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, vijana wetu wengi wanaota safari ya Ulaya, na inafaa wajue waliowatangulia walipita wapi. Ya pili ni nzito zaidi. Huku kwetu, kuanzia Kashebere, pale ambapo Masisi inapakana na Walikale, hadi Goma, neno "mgeni" limemwaga damu. Ubishi wa nani ni mwenyeji na nani alikuja umevunja vijiji, ndoa na hata makanisa. Kule Bruxelles Mkongomani hana ubishi huo: wote walikuja. Basi tuangalie maisha yakoje mtu akiwa upande ule mwingine.

Mtaa wenyewe

Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, una komini 19. Matonge iko ndani ya komini ya Ixelles, karibu na mahali panapoitwa Porte de Namur, maana yake Lango la Namur. Barabara zake kubwa ni mbili, Chaussée d'Ixelles na Chaussée de Wavre, na kati yake kuna njia ndogo kama Rue Longue Vie na Rue de la Paix. Kuna pia Galerie d'Ixelles, ujia wenye paa na maduka pande zote mbili, unaotoka barabara moja hadi nyingine. Mtaa wote si mkubwa. Mtu anaweza kuuzunguka kwa miguu bila kuchoka.

Ndani yake utapata sombe, makayabo, kwanga, ndizi za kupika, pilipili na mafuta ya mawese. Utapata vikwembe, saluni za kusuka nywele, vinyozi, maduka ya muziki na vibanda vya kutuma feza. Lingala ndiyo inasikika kuliko lugha nyingine za kwetu, lakini Kiswahili cha Bukavu, Goma na Lubumbashi kimo pia, pamoja na Kinyarwanda, Kirundi, Kiwolofu na lugha nyingi za Kameruni. Ingawa jina ni la Kikongomani, siku hizi ni mtaa wa Afrika nzima.

Jina lenyewe lilitoka Kinshasa. Matonge ya Kinshasa iko katika komini ya Kalamu, karibu na Place de la Victoire, na inasifika kwa muziki na kwa watu wanaokesha nje. Katika miaka ya 1970, Wazairwa waliokuwa Bruxelles walianza kuita kona yao ya Ixelles kwa jina hilo. Hakuna meya aliyelipitisha. Watu walilisema wao kwa wao mpaka Wabelgiji nao wakalizoea. Ndivyo ilivyo kwa majina mengi ya mitaa ya wahamaji: mtu aliyeacha kwao hubeba jina kwa sababu jina halilipiwi mzigo.

Waliotangulia

Kabla ya kuwa na mtaa, Wakongomani walipelekwa Ubelgiji ili watazamwe. Mwaka 1897, wakati nchi yetu ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili, watu 267 walisafirishwa kutoka Kongo hadi Tervuren, karibu na Bruxelles, kwa ajili ya maonyesho makubwa. Waliwekwa katika vijiji vya kuigiza ili Wabelgiji wapite na kuwaangalia. Saba kati yao walikufa huko. Makaburi yao yako hadi leo kando ya kanisa la Tervuren, na majina yao yameandikwa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange.

Baadaye wachache walifika kwa njia nyingine, kama mabaharia katika bandari ya Antwerp, watumishi wa nyumbani, na askari. Mmoja wao alikuwa Paul Panda Farnana, aliyesoma kilimo Ubelgiji na kupata diploma kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Vita ilipoanza mwaka 1914, alijitolea kupigana upande wa Ubelgiji, akatekwa na Wajerumani karibu na Namur. Mwaka 1919 alianzisha chama kilichoitwa Union Congolaise, ili Wakongomani wachache waliokuwa Ubelgiji wasaidiane na haki yao itetewe. Angalia vizuri: kitu cha kwanza ambacho watu wetu walijenga ugenini kilikuwa chama cha kusaidiana.

Serikali ya kikoloni haikupenda Wakongomani waende Ubelgiji kusoma. Thomas Kanza alipoingia chuo kikuu cha Louvain mwaka 1952, lilikuwa jambo jipya kabisa kwa Mkongomani asiyekuwa padri. Mwaka 1958, katika maonyesho ya dunia ya Bruxelles, Wakongomani waliwekwa tena nyuma ya uzio wa mianzi, na baadhi ya watazamaji waliwatupia vitu kama wanyama. Mafundi hao walichoka kutukanwa, wakarudi kwao kabla maonyesho hayajaisha. Ulikuwa mwaka wa 61 baada ya Tervuren.

Halafu mambo yalikwenda mbio. Kuanzia tarehe 20 Januari 1960, viongozi wa Kongo waliketi na Wabelgiji katika Mkutano wa Meza ya Duara, huko huko Bruxelles. Lumumba alitolewa gerezani ili ahudhurie. Tarehe ya uhuru, 30 Juni 1960, ilikubaliwa hapo.

Nyumba iliyofungua mlango

Siku ya uhuru, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa kama yetu. Ilibidi vijana wapelekwe haraka kusoma, na wengi walipewa msaada wa masomo Ubelgiji. Walifika na sanduku moja. Waliona kibao cha nyumba ya kupanga, wakapiga kengele, na mwenye nyumba alipoona rangi yao alisema chumba kimekwisha kuchukuliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifunguliwa Maison Africaine, yaani Nyumba ya Afrika, katika Rue d'Alsace-Lorraine, Ixelles, hatua chache kutoka Porte de Namur. Ilikuwa nyumba ya kulaza wanafunzi: vyumba, jiko, mahali pa kuketi pamoja. Wanafunzi waliokaa kwingine walikuja kutembelea wenzao. Waliokuja kutembelea walitaka kula, kunyoa nywele, kusikia muziki wa nyumbani. Hivyo mikahawa na vilabu vya usiku vilianza kufunguliwa karibu yake.

Huo ndio mwanzo wa Matonge. Siasa haikuuanzisha, wala biashara. Ulianza kwa sababu palikuwa na nyumba moja ambamo mgeni hakufungiwa mlango.

Kutoka wanafunzi hadi wafanyabiashara

Miaka ya 1970 ilileta watu wengine. Zaire ilikuwa na feza yenye nguvu. Ilipoanzishwa mwaka 1967, zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Wakubwa wa Kinshasa, wake zao na wafanyabiashara walikwenda Bruxelles kununua nguo, viatu na vito, kisha wakarudi. Wakati huo huo Galerie d'Ixelles ilikuwa inapoteza maduka yake, kwa kuwa wateja wa Kibelgiji walivutwa na maduka mapya ya jirani. Vyumba vitupu vilipangishwa kwa bei nafuu. Waafrika wakaingia na saluni, vikwembe na sahani za muziki.

Kisha upepo uligeuka. Mwaka 1973 serikali ya Mobutu ilinyang'anya wageni biashara na mashamba yao na kuwapa Wazairwa, na wengi wa waliopewa hawakuweza kuyaendesha. Mwaka uliofuata bei ya shaba ilianguka. Mishahara ikawa haitoshi kitu. Wanafunzi waliokuwa wamepanga kurudi na diploma waliandikiwa na wazazi wao: "Ngoja kidogo." Wengi walingoja mpaka wakapata watoto huko. Basi kizazi cha kwanza cha Matonge hakikuamua kuhamia Ulaya. Kiliahirisha kurudi, mwaka baada ya mwaka.

Miaka ya vita

Mwezi wa 5 mwaka 1990 wanafunzi waliuawa katika chuo kikuu cha Lubumbashi, na Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire. Mwezi wa 9 mwaka 1991, na tena mwezi wa 1 mwaka 1993, askari wasiolipwa walipora miji. Mwaka 1994 yalitokea mauaji ya kimbari ya Rwanda, mwaka 1996 vita ikaingia Kivu, na mwaka 1998 ikaja vita nyingine. Sasa waliofika Bruxelles hawakuwa tena wanafunzi wenye msaada wa masomo. Walikuwa waomba hifadhi, na wengi kati yao walikuwa watu wa huku mashariki.

Maisha ya mwomba hifadhi hayafanani na picha anazotuma. Anaeleza kisa chake mbele ya wakubwa wa ofisi, anangoja, anakataliwa, anakata rufaa, anangoja tena. Hata aliyepata karatasi hapati kazi ya kimo chake. Mwaka 2017 Fondation Roi Baudouin ilitoa uchunguzi juu ya watu wa Ubelgiji wenye asili ya Kongo, Rwanda na Burundi. Karibu 60 kwa mia walikuwa na diploma ya masomo ya juu, lakini kiasi cha wasio na kazi kati yao kilikuwa mara nne ya kiasi cha nchi nzima. Kwa maneno mengine, muuguzi anaosha vyombo, na mwalimu anafagia ofisi saa kumi za alfajiri. Feza anayoituma nyumbani imetoka hapo. Wazazi na wadogo zake walioko Masisi wakijua hivyo, huenda watapunguza kumwandikia orodha ndefu.

Hasira za nyumbani nazo husafiri. Mwezi wa 12 mwaka 2011, baada ya uchaguzi wa Kongo, Matonge ilijaa waandamanaji kwa siku kadhaa, madirisha yakavunjwa na polisi wakakamata watu wengi. Mtaa mdogo wa Ixelles uligombania matokeo ya kura zilizopigwa Kinshasa na Mbuji-Mayi.

Makanisa ya watu waliokuja

Waprotestanti wa Kongo walikuwa na shida yao wenyewe. Sisi hatukuhubiriwa Injili na Wabelgiji. Wamisionari wetu walikuwa Waingereza, Wamarekani, Waswidi, Wanorwe. Mkongomani wa Kiprotestanti aliyefika Ubelgiji alikuta nchi ambayo kwa desturi ni ya Kikatoliki, na ndugu zake wa imani ni wachache. Kanisa la Muungano la Kiprotestanti la Ubelgiji, lililoundwa mwaka 1979 kwa kuunganisha makanisa madogo, lilipokea baadhi yao. Katika mashirika yake kadhaa ya Bruxelles, Waafrika leo ni sehemu kubwa ya wanaoketi Jumapili.

Wengine walianza makanisa yao, hasa yale yanayoitwa ya uamsho. Walikusanyika sebuleni, kisha katika gereji, ghala, au jumba la zamani la sinema, wakilipa kodi kwa mwezi. Mara nyingi wanaabudu mchana, baada ya wenye jengo kumaliza ibada yao ya asubuhi. Kazi ya makanisa hayo haiishii kwenye mimbari. Wanamsindikiza mtu ofisini kwa ajili ya karatasi zake, wanamtafutia kitanda aliyefika jana, wanachanga ili maiti irudi nyumbani.

Yako pia majeraha. Kuna mashirika yaliyogawanyika kwa sababu ya sadaka, na mengine kwa sababu ya kabila. Mtu anaweza kukimbia vita ya kwao kilometa elfu sita, kisha akamkwepa jirani yake wa zamani katika mlango wa kanisa.

Nani ana funguo?

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Sehemu kubwa ya Waafrika unaowaona Matonge mchana hawalali Matonge. Wanakaa Molenbeek, Anderlecht, Schaerbeek, Evere, au hata miji mingine, ambako nyumba zilikuwa nafuu zaidi. Wanakuja kununua, kusuka nywele, kukutana, kisha wanapanda basi. Maduka mengi yanayouza sombe na makayabo yanashikwa na watu waliotoka Pakistani na India. Na kuta zenyewe, kwa sehemu kubwa, ni mali ya wengine.

Kando ya Matonge wanakaa majirani wenye feza nyingi. Bunge la Ulaya na ofisi za Umoja wa Ulaya ziko karibu, na watu wanaofanya kazi humo wanatafuta nyumba. Upande wa kanisa la Saint-Boniface, mikahawa ya bei kubwa imejaa. Kodi inapanda. Msusi aliyepanga chumba kwa miaka mingi anaweza kuambiwa mkataba wake hautaendelea. Watu wamekuwa wakiuliza swali hili kwa sauti: baada ya muda mfupi, Matonge itabaki mtaa, au itabaki jina tu?

Mfano mmoja wa mbali unasaidia kujibu. Huko New York, Marekani, kulikuwa na mtaa wa Wahispania katika barabara ya 14 ya Manhattan, karibu na bandari. Mabaharia, wapishi na wavingirisha sigara kutoka Hispania walikaa humo, na watu wakauita Hispania Ndogo. Mwaka 1868 walianzisha chama cha kusaidiana, kiitwacho La Nacional. Mwaka 1902 lilifunguliwa kanisa la Mama Yetu wa Guadalupe, ili wasali kwa lugha yao. Kisha sheria ya Marekani ya mwaka 1924 ilipunguza wahamaji wa Hispania hadi watu 131 kwa mwaka. Wageni wapya wakakauka kama kisima cha kiangazi. Watoto walijifunza Kiingereza, wakaoa kwingine, wakahamia mitaa mingine. Leo mpita njia hajui kwamba hapo palikuwa mtaa wa Wahispania. Lakini La Nacional bado ipo katika barabara ile ile, kwa sababu chama hicho kilikuwa na nyumba yake chenyewe. Maduka ya kupanga yamepotea. Nyumba iliyonunuliwa kwa michango imebaki na kumbukumbu ndani yake.

Jina kwenye kibao

Wakongomani wa Bruxelles walielewa kwamba hata asiye na ukuta anaweza kuomba jina lake liandikwe juu yake. Kwa miaka mingi vyama vyao viliomba mahali pa hadhara pa kumkumbuka Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Ombi hilo lilikataliwa zaidi ya mara moja. Waliendelea kuomba, kuandamana, kuandika. Hatimaye mji wa Bruxelles ulikubali, na tarehe 30 Juni 2018 kibao cha Square Patrice Lumumba kilifunuliwa pale Porte de Namur, mlangoni mwa Matonge.

Miaka miwili baadaye, siku ya 30 Juni 2020, Mfalme Philippe alimwandikia rais wa Kongo kueleza majuto yake kwa mateso ya wakati wa ukoloni. Mwezi wa 6 mwaka 2022 alitembelea Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu. Mwezi huo huo, tarehe 20, Ubelgiji ilirudisha kwa jamaa ya Lumumba jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Hatusemi kwamba kibao kimoja kilisababisha yote hayo. Tunasema kwamba watu waliodharauliwa kama wageni, kwa kuvumilia bila silaha, walisaidia nchi ya wenyeji ijitazame.

Na sisi huku je?

Sasa turudi kwetu. Masisi na Walikale ni nchi ya watu waliohamahama. Wengine walifuata misitu na mito zamani sana. Kuanzia mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji ulileta jamaa nyingi kutoka Rwanda na kuziweka Gishari, Masisi, kwa ajili ya kazi na mashamba, wala haukuwauliza sawasawa waliokaa hapo kwanza. Uamuzi wa ofisi ya mzungu uliacha deni ambalo wajukuu wa pande zote wanalilipa. Mwezi wa 3 mwaka 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi yote. Tangu hapo, ni nani kati yetu hajakimbia hata mara moja?

Kashebere inajua habari hiyo. Vita ikilipuka upande mmoja, jamaa zinafika na godoro kichwani, na watu wa hapo wanagawana nao chumba, chungu na shamba. Kupokea kwa namna hiyo ni kazi ile ile ya Nyumba ya Afrika ya mwaka 1960 na kitu. Wanaoifanya hawana kibao mlangoni wala msaada wa serikali, na heshima yao mbele za Mungu ni kubwa.

Lakini Matonge inatufundisha kwamba kitanda cha usiku wa kwanza hakitoshi. Mtu anayelala kwa mwingine miaka kumi, analima shamba la mwingine bila karatasi, na anafukuzwa siku bei inapopanda au siasa inapogeuka, bado ni mpita njia. Kanisa haliwezi kugawa ardhi ya nchi. Linaweza kuwa shahidi, mwenye shamba na mkimbizi wakiandikiana mapatano mbele ya mzee wa kijiji na mashemasi: sehemu gani, misimu mingapi, mavuno yatagawanywa vipi. Linaweza kuwa na nyumba yake ya wageni, hata ya mabati machache, ambayo haiulizi kabila. Linaweza kuandika katika daftari lake majina ya waliokufa njiani, kama yale saba ya Tervuren, ili wasipotee mara mbili.

Tena tukumbuke jambo moja tunapokasirika na kusema, "Hawa walikuja tu." Wakati huo huo, mtoto wetu aliye Bruxelles amesimama mbele ya mlango, amepiga kengele, anangoja kuona kama mwenye nyumba atasema chumba kimekwisha. Tunaomba Mungu mlango ule ufunguliwe. Hatuwezi kuomba hivyo kwa ajili yake huku tukifunga wa kwetu.

Nabii Yeremia aliwaandikia Waisraeli waliohamishwa Babeli kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, na kuuombea amani mji ule wa kigeni, kwa maana amani ya mji ndiyo itakuwa amani yao (Yeremia 29:4-7). Na sheria ya Musa inawaagiza wenyeji wampende mgeni, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri (Mambo ya Walawi 19:34). Maneno hayo mawili yanakwenda pamoja. La kwanza ni la mtu wa Matonge. La pili ni letu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya nyumbani

1. Katika jamaa yako, ni nani aliyefika hapa kwanza, na alitoka wapi? Nani alimpokea?

2. Je, katika shirika letu kuna watu waliokaa miaka mingi na bado tunawaita wageni? Ni jambo gani linalowazuia kuwa wazee, mashemasi au waimbaji?

3. Wakimbizi wanaolima mashamba ya washiriki wetu wana mapatano gani? Kanisa linaweza kuwa shahidi namna gani?

4. Ndugu zetu walioko Ulaya wanatutumia feza. Sisi tunawatumia nini? Je, tunawaandikia barua isiyoomba kitu?